Kitenge cha Siku ya Kadi

Kila nikisikia harufu ya dawa ya nondo, nakiona kitenge cha mama chenye tausi wa bluu, alicholetewa na baba kutoka ng'ambo ya mpaka.

Alikivaa kwenye mkutano wa kijiji, siku ya kuhuisha kadi za matibabu za kaya zisizojiweza. Kadi yetu ilikuwa imekwisha muda, na mdogo wangu aliumwa pumu. Kwetu mtu hakwenda mbele ya serikali akiwa mchakavu, hivyo mama alijipaka mafuta akavaa kitenge chake kizuri.

Mwenyekiti alimtazama. "Mama, asiyejiweza anang'aa hivi?"

Watu wakacheka. Mama akainama, mdogo wangu mgongoni, kifua chake kikitoa mlio.

Jirani yetu alisimama. "Mwenyekiti, kitenge hicho ni changu, nimemwazima. Ulitaka aje uchi?"

Kadi ikapigwa muhuri.

Njiani jirani alimwambia mama, "Sasa ukitaka kukivaa uniombe kwanza, watu wasikie."

Basi kila Jumapili asubuhi mama alisimama kwenye ua wa matete, akapaza sauti: "Dada, naomba kitenge chako."

"Chukua, ila usinichafulie."