Bangili ya Milulu ya Dada Melania

Milulu mibichi, zile nyasi ndefu za kusukia vikapu, hunuka tope la bondeni, na ikishalowekwa kwenye beseni kutwa nzima harufu hiyo hulainika, ikawa nusu majani nusu mvua. Nyumba yetu, upande wa Kilolo, ilinuka hivyo kila kiangazi, bibi alipomaliza kazi za shamba na kuanza kusuka vikapu. Aliketi jikoni karibu na moto, maana baridi ya mwezi wa saba kule kwetu haina mchezo, miguu ameinyoosha mbele, kikapu kipo mapajani, na mlulu mmoja ameushika kwa meno ukingoja zamu yake. Mimi na dada yangu Melania tulikaa pembeni tukimenya viazi. Nasema tulikaa, lakini aliyekaa ni Melania. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi, nisiyetulia, na kiazi kimoja nilikimenya mpaka mwenzangu amemaliza sufuria.

Tulikuwa darasa moja ingawa alinizidi karibu miaka miwili. Baba alitupeleka shule pamoja ili Melania anishike mkono wakati wa kuvuka kijito, na mwalimu hakuona sababu ya kututenganisha. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, magogo ndiyo viti, na vitabu vya kusomea vilikuwa vitano tu kwa darasa zima, vyenye majalada ya kijani yaliyopauka. Nyumbani tulizungumza Kihehe, kwa hiyo Kiswahili tulijifunza papo hapo pamoja na kusoma. Mimi herufi ziliniingia bila jasho. Kwa Melania hazikukaa. Aliniambia siku moja, tukiwa njiani, kwamba akizitazama zinageuka, ya mbele inakwenda nyuma, na neno alilolijua jana leo halimjui. Nami nilijua fika kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa anaweza kurudia mahubiri ya Jumapili tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali padri alipokohoa. Kuku wa kijiji kizima aliwajua, na vifaranga wa nani walizaliwa lini. Ni karatasi tu iliyokuwa inamshinda, na aibu yake aliifunika vizuri hata mama hakujua.

Dawa tuliipata wenyewe. Kila Ijumaa mwalimu wetu, Mwalimu Gaspari, aliniruhusu kwenda na kitabu kimoja nyumbani, kwa kuwa aliniamini. Njiani nilimsomea Melania kurasa za wiki inayofuata, mara mbili tu, na zikawa zake. Alikariri hata mahali ukurasa unapoishia, ili ajue wakati wa kufunua. Darasani alisimama, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti tamu isiyokwama, huku mimi niliyesoma kweli nikirukaruka na kumeza maneno kwa haraka zangu. Mwalimu akawa anatuambia tusome kama Melania. Malipo yangu yalikuwa ukoko wa ugali wake, kila siku, bila kukosa. Nilijiona mtu muhimu sana nyakati hizo, na sitaficha kwamba sehemu ya utamu ilikuwa kujua kuwa bila mimi dada yangu angeanguka.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, padri mzee aliyesimamia shule za vijiji alikuja kwa pikipiki yake kututazama. Mwalimu Gaspari alivaa koti. Darasa lilifagiliwa, maua yakawekwa kwenye kopo, na msomaji wa kumwonyesha padri alikuwa mmoja tu. Melania akaitwa mbele, akapewa kitabu, nacho kilikuwa kile kile nilichorudi nacho nyumbani mwisho wa wiki. Hapa inabidi niungame. Jumapili ile baba alikuwa amerina asali, na mimi nilikuwa nimekifungua kitabu cha serikali juu ya magoti huku nalamba vidole. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Melania akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua, akaendelea kusoma kwa madaha habari ya mbwa aliyemfukuza jogoo, na padri, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akawa anatazama picha ya mwanamke anayechota maji. Alimwacha amalize. Kisha akanyoosha kidole kwenye neno moja chini ya picha akamwomba alisome. Melania alikisogeza kitabu karibu na macho. Akamwonyesha jingine, fupi kuliko lile. Dada yangu akaniangalia, na mimi nikatazama miguu yangu.

Mwalimu Gaspari hakuwa mtu mbaya, lakini aliumbuka mbele ya mkubwa wake, na mtu aliyeumbuka hapimi maneno. Alimwita mwongo mbele ya wote, akasema mtoto wa namna hiyo anakalia gogo la mwenzake, abaki nyumbani asaidie kwenye vinyungu, yale mashamba yetu ya bondeni. Padri ndiye aliyempoza. Alisema atarudi kabla ya Noeli, na siku hiyo atamchagulia Melania ukurasa asiowahi kuusikia. Akiusoma, ataendelea na wenzake. Asipousoma, basi. Baba alipopata habari alikubaliana nao bila kupandisha sauti, na hilo lilituumiza zaidi kuliko kipigo. Maana Melania alikuwa na jambo lake moja. Shangazi yetu alifanya usafi wodini kwenye hospitali ya Tosamaganga, na alituletea habari za wakunga waliovaa viatu vyeupe na kupokea watoto, na dada yangu hakutaka kitu kingine chochote duniani. Shangazi alikuwa ameshamwambia kwamba kule asiyesoma hapiti mlangoni.

Melania alilia siku mbili. Siku ya tatu bibi, ambaye hakujua hata herufi moja, alituita jikoni akataka aelezwe jambo lote kuanzia mwanzo, pamoja na asali. Nilieleza mimi, kwa kirefu. Sasa, bibi alikuwa na desturi yake ya kufundisha ususi, aliyoipata kwa mama yake. Mwanafunzi hakuanzishiwa kikapu kipya. Alipewa kikapu kikuukuu, akaambiwa akifumue mzunguko mmoja mmoja mpaka kitako, kwa vidole vyake, kisha akirudishe. Na kila kikapu chake kilikuwa na fundo dogo ndani, upande wa kushoto, kuonyesha mzunguko ulipoanzia, ili msukaji asipotee akiinua macho. Aliposikia kwamba herufi zinageuka, alicheka kidogo.

"Huyu hajashindwa," alituambia. "Ameanzishiwa katikati. Nani amemwonyesha fundo liko wapi?"

Akachukua milulu mitatu, akasuka bangili nyembamba, akamvisha Melania mkono wa kushoto. Kila safu ianzie kwenye bangili, alisema, na kila herufi itazamwe kama tumbo lake limeielekea bangili au limeipa mgongo. Mimi niliamriwa kuchora herufi kubwa kwenye majivu, moja tu kwa siku. Melania aliikunja kwa milulu iliyoloa, akaipapasa akiwa amefumba macho, akaifumua, akaikunja tena. Herufi zikawa nyingi, tukazipanga mkekani kuwa maneno, naye aliyafumua maneno yale moja moja na kuyarudisha. Nilidhani ni mchezo wa watoto wadogo, nikasema hivyo, bibi akanituma kuni.

Kazi ilikwenda taratibu mno. Neno ambalo mimi ningelimaliza kwa kutupia jicho, yeye alilihangaikia mpaka viazi viive. Ziko siku alizitupa zile herufi motoni akasema hataki tena, kisha asubuhi nikamkuta ameshaloweka milulu mingine. Baba alipita akatazama, na mara moja nilimwona akiiokota herufi iliyoanguka mlangoni na kuirudisha mkekani, kichwa chini miguu juu. Mwezi wa kumi Melania akasoma jina lililoandikwa kwenye gunia la chumvi bila kuambiwa na mtu. Bibi alipiga vigelegele. Mimi nilinuna. Tangu siku ile hakuna aliyenipa ukoko, na njiani dada yangu alinitaka ninyamaze ili asome mwenyewe. Nilimpenda, lakini nilimpenda zaidi aliponihitaji, na ilinichukua miaka mingi kulisema hilo.

Padri alifika wiki mbili kabla ya Noeli, mvua zimeshaanza, kwa miguu, pikipiki ameiacha imezama kwenye matope. Aliketi kwenye gogo la mbele na soksi zake zilizoloa. Akafungua kitabu karibu na mwisho, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefika, akampa Melania. Dada yangu aliutandaza mkono wa kushoto pembeni mwa ukurasa, bangili ikagusa karatasi, akaweka kidole. Sauti yake tamu ya zamani haikuwepo. Alisoma kwa kukwaruza, silabi moja, kimya, silabi nyingine, na nyuma kuna waliocheka mpaka Mwalimu Gaspari alipogeuka. Safu ya kwanza ilisema: Mama anapepeta ulezi. Ilimchukua muda wa mtu kumenya kiazi kizima. Akaenda safu ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne akakwama.

Neno lilikuwa "mlangoni". Nililiona kutoka nilipokaa, lilikuwa limeshajaa mdomoni mwangu, na midomo ilianza kufunguka yenyewe. Melania akainua macho akaniona. Akatikisa kichwa, mara moja tu. Nikaufunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakauma, nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu. Akarudi kwenye bangili, akaanza safu upya, akalifumua neno lile kipande kwa kipande, akalirudisha.

Padri alivua miwani akaifuta. Alichosema kilikuwa kifupi: "Huyu anasoma. Aendelee." Mwalimu Gaspari hakumwomba radhi, watu wazima hawakuwaomba watoto radhi siku zile, lakini tangu hapo alimwachia Melania muda wote aliouhitaji, na aliyecheka alifagia darasa.

Melania akawa mkunga. Hakufaulu kwa kishindo, alirudia mwaka mmoja, na mitihani ya kuandika ilimtoa machozi mpaka utu uzima. Lakini amepokea watoto wa nusu ya tarafa yetu, na mikono yake ilimweleza mtoto alivyolala tumboni kabla wenzake hawajamaliza kuuliza. Lebo ya dawa aliisoma mara mbili kwa kidole, kisha akampa mwenzake aisome kwa sauti. Walimtania kwa hilo. Katika miaka yake yote hakumpa mtu dawa isiyo yake. Mimi nikaolewa Mbeya, nikawa mwalimu, msomaji hodari niliyekuwa. Na linalonichoma ni hili: kwa miaka mingi mbele ya ubao niliwaita watoto wavivu, wazembe, wazito, watoto wa aina ileile ya yule aliyenishika mkono kuvuka kijito. Nilijua, na sikukumbuka kujua.

Siku hizi jambo hilo lina jina. Mwaka jana mwalimu kijana wa shule ya mjukuu wangu Neema, hapa Mbeya, aliniita akanieleza kwa upole kwamba mtoto ana disleksia, kwamba akili yake haina kasoro, inapita njia yake. Alidhani ananiambia jambo geni. Nilimpigia simu Melania, na baada ya siku tatu akashuka kwenye basi la Iringa na mkongojo wake, akanipa kamwene, salamu yetu ya Kihehe, na chini ya kanga alikuwa amefungasha milulu iliyofungwa kwa gazeti. Nyumba yangu ya matofali yenye dari na umeme ikanuka tope la bondeni.

Jana jioni Neema alikaa kati yetu na kitabu chake cha picha za rangi, bangili iko mkononi. Alisoma safu mbili, akakwama. Neno nililiona. Kinywa changu, baada ya miaka yote hii, kikafunguka, na mkono wa dada yangu, mkavu na mwepesi, ukatua juu ya goti langu.

"Agata," akasema, "mwache afumue."

Nikanyamaza. Tukangoja, wazee wawili, chai ikapoa, mpaka mtoto alipofika mwenyewe.