Mnyororo wa Kinga Yetu

Wenzangu mliokulia Baraka kabla pikipiki hazijajaa barabarani, bila shaka bado mnaisikia masikioni ile sauti ya baiskeli iliyopakia kupita kiasi ikishuka kutoka milimani. Sisi tuliiita kinga. Kinga ya papa, yaani baba yetu, ilikuwa nyeusi, nzito, ya Kichina, na haikuwa na breki hata moja. Aliyetaka kupunguza mwendo alikanyaga gurudumu la nyuma kwa ndala mpaka mpira unuke. Tairi zikichoka, papa hakununua nyingine. Alizijaza majani makavu, akazifunga kwa vipande vya raba, safari ikaendelea. Pedali ya kushoto ilichomoka kila siku. Unaendesha, mara mguu unakanyaga hewa, unashuka, unarudi nyuma kuitafuta kwenye vumbi, unaigonga kwa jiwe mpaka iingie. Leo kijana wangu akipata pancha anakaa kando ya barabara na kupiga simu, kana kwamba amefiwa.

Papa alipeleka ndakala, dagaa wa ziwa letu, Lubondja na Fizi, akarudi na mihogo na mawese. Mafuta ya kulainisha mnyororo yalikuwa hayohayo mawese ya jikoni, ndiyo maana nyumba yetu yote, pamoja na nguo zetu za Jumapili, ilikuwa na harufu moja. Mama alilalamika kwamba hajui kama ameolewa na mtu au na kinga.

Kuendesha nilifundishwa na yaya Asukulu, kaka yangu wa kwanza, aliyenizidi miaka mitatu. Miguu yangu ilikuwa haijafika kwenye pedali, kwa hiyo nilipitisha mguu mmoja katikati ya fremu, mwili ukainama upande kama mti uliopigwa na upepo. Yaya alikimbia nyuma yangu akipiga kelele, "Angalia mbele! Kinga inaenda kule macho inaenda!" Nikaangalia kisima, nikaingia kisimani. Aliponitoa alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mi nilikuambia mbele, we unaenda kuchota maji?"

Vita ilipofika, watu wa kwetu walijifunza haraka kwamba mwenye kinga nzima hafiki mbali. Askari wa upande wowote akiiona ataichukua, na mara nyingi atamchukua na mwenyewe ili aisukume. Basi, kinga zikaanza kufunguliwa. Sijui nani alianza, lakini familia nyingi za barabara yetu zilifanya hivyo: milio ikisikika, baba anachukua spana, na katika muda wa kuchemsha chai kinga inakuwa vipande. Kila mtu anakimbia na chake. Nani atakunyang'anya gurudumu moja lisilo na mwenzake?

Kwetu papa alibeba fremu. Mama, mwenye mtoto mgongoni, alibeba gurudumu la mbele kichwani, limefungwa kwenye kitenge pamoja na sufuria. La nyuma lilikuwa la shangazi. Mimi nilipewa kiti na ile pedali mbovu. Yaya Asukulu alivaa mnyororo kiunoni chini ya shati, kama mkanda, na shati likawa na mstari mwekundu wa mawese ambao sabuni haikuutoa. Papa alituambia kila mara: "Kila mutu na kipande yake. Tukifika, tutaifunga tena." Hakusema tusipofika itakuwaje. Sisi tulielewa kwamba kinga ikikamilika, na sisi tumekamilika.

Siku tuliyotoka Baraka ilikuwa asubuhi, bukari, ugali wetu, bado iko motoni. Milio ilitoka upande wa ziwa, kisha upande wa soko, kisha watu wote wakawa barabarani. Tulikuwa tumekubaliana kwenda kwa bibi, Lubondja. Kwenye mto watu walisongamana, bunduki zikalia karibu zaidi, kila mmoja akajitupa alikoweza. Nilipoinuka nilikuwa nimeshika sketi ya mama. Yaya hakuwepo.

Tulifika kwa bibi kila mtu kwa njia yake: mama nami, kisha shangazi, kisha papa na fremu begani, bega limechubuka. Papa alikaa uani, akaifunga kinga. Fremu, magurudumu, kiti, pedali. Akamaliza, akaishika usukani, akaiangalia pale katikati palipokuwa wazi. Jirani mmoja alimwambia anao mnyororo wa zamani, anaweza kumpa. Papa alikataa.

"Iko mwenye analeta," alisema.

Siku zikapita. Chumvi ikaisha kwa bibi, na kwa Lubondja nzima. Chumvi ilipatikana Baraka, lakini katikati palikuwa na bariere ya askari, kijiti kimelazwa juu ya madumu, mahali barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Wanaume waliofika pale walibebeshwa mizigo na hawakurudi. Wanawake na watoto wa kike walipita, wakiacha kidogo walichokuwa nacho. Ndipo ikaonekana kwamba kinga bila mnyororo bado ni kinga: kupanda mlima tulikuwa tunaisukuma hata zamani, na kuteremka hakuhitaji pedali. Papa hangeweza kwenda. Mama alikuwa ananyonyesha. Mimi nilikuwa msichana, nikapakiwa mihogo kwenye kinga.

Pale bariere nilishuka mapema, nikaisukuma kinga taratibu, macho chini, kama bibi alivyoniagiza. Askari aliyekaa kwenye kiti alikuwa mnene, miwani ya jua usoni, wenzake walimwita shefu.

"We mutoto, unatoka wapi?"

"Lubondja, shefu."

"Na kinga iko na sheni wapi?" Sheni ndiyo mnyororo.

Kabla sijajibu, mtu alicheka nyuma yake. Nilikijua kicheko hicho kabla sijainua macho. Yaya Asukulu alikuwa anapasua kuni kando ya moto wao. Amekonda, kichwa kimenyolewa vibaya, suruali si yake. Na kiunoni, mahali pa mkanda, ulikuwepo mnyororo wetu.

Tuliangaliana kidogo sana. Nilifungua mdomo. Yeye akanikunjia uso kama mtu aliyeona mbwa wa watu.

"Shefu, achana na hiyo takataka," alisema kwa sauti kubwa. "Hiyo kinga ni ya kuteremka tu. Kupanda, yenyewe inapandia mutu!"

Askari wakacheka. Shefu naye akacheka, akachukua mihogo miwili, akanipungia mkono nipite. Nilipita. Nilielewa tayari: wangejua mimi ni nani kwake, wangejua kinga ni ya nani, papa yuko wapi, na mnyororo ule ni wa nini.

Niliporudi na chumvi sikumwona. Nyumbani nilimwambia papa peke yake, nyuma ya jiko, kwa sababu niliogopa mama atapiga kelele. Papa aliuliza jambo moja tu: "Bado anavaa sheni?" Nikasema ndiyo. Akageuka upande, akajipangusa uso kwa shati. Kisha akataka kwenda mwenyewe. Mama, aliyekuwa amesikia yote, alisimama mlangoni mikono kwenye nguzo zote mbili. "Ukienda, batakuwa nabo wawili," alimwambia. Papa akarudi kukaa.

Jioni ile alijaza tairi majani mapya, akakaza kila nati, akatia mawese kwenye vyuma vya magurudumu mpaka yakazunguka bila sauti. Kwa nini alifanya vile sikumwuliza. Nadhani ni kwamba mikono yake ilihitaji kazi.

Siku ya soko nilishuka tena. Safari hii shefu alikuwa amesimama barabarani, na hakuwa na mzaha. Alikuwa anataka kwenda Fizi na gari halikuja.

"Leo hii kinga inabaki hapa."

Nilishika usukani kwa nguvu. "Shefu, mama atanipiga."

"Akupige. Mihogo weka chini."

Askari mmoja alinibandua vidole kimoja kimoja. Nikaona kinga ya papa inaenda, nikajua nikirudi bila hiyo sitakuwa na sababu tena ya kupita pale, na yaya nitakuwa nimemwacha kabisa. Nikaanza kulia, kilio cha kweli, kile cha mtoto mdogo.

Yaya akaja. Alikuja polepole, shoka begani, akaizunguka kinga akiipiga teke tairi kama mnunuzi.

"Shefu, mi niko na sheni. Minajua kuitengeneza. Lakini hii fremu iko mbaya, inaweza kukuangusha mbele ya batu."

"Tengeneza."

Aliweka shoka, akafungua mnyororo kiunoni. Suruali ikamteleza, askari wakamcheka, akaifunga kwa kamba ya mihogo yangu. Alifanya kazi bila haraka. Nilimwona akigonga pedali ya kushoto kwa jiwe, akiigonga tena. Akazunguka na kinga mara moja mbele yao, akarudi. Nilidhani angekimbia nayo.

"Inaenda," alisema, akikuna kichwa. "Lakini shefu ni mutu muzito. Bila muzigo, hatuwezi kujua kama itakubeba."

Shefu aliangalia huku na huku, akanionyesha kwa kidevu. "Beba huyu anayelia."

Nikapanda nyuma. Mgongo wa yaya ulikuwa umelowa jasho. Akazunguka taratibu, mara moja, mara ya pili, kila mara duara likipanuka kidogo kuelekea upande wa mteremko. Kwa sauti niliyoisikia mimi tu alisema, "Angalia mbele."

Kisha akakanyaga.

Tuliotembea barabara ile tunajua mteremko ule. Mawe, mifereji ya mvua, kona, kisha kona nyingine kali, na chini kabisa daraja la magogo. Nilisikia kelele, halafu bunduki, kitu kikapita juu kama mjeledi. Yaya aliinama, nami nikainama. Hakuweka ndala kwenye gurudumu hata mara moja. Kona ya kwanza tuliipita kwenye majani. Ya pili sikuiona kwa sababu nilifumba macho, ingawa niliambiwa niangalie mbele. Nilipofumbua daraja lilikuwa limefika, mguu wake wa kushoto ukakanyaga hewa, na tukaingia mtoni, kinga na sisi.

Maji yalikuwa ya kiunoni. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama kofia, fremu ilikuwa imekatika shingoni. Yaya alisikiliza juu. Sauti zilikuwa zinashuka. Alifungua mnyororo, akaninyanyulia blauzi, akanifunga kiunoni, chuma baridi na mawese. Pedali ya kushoto alikuwa nayo mkononi tayari. Hata pale mtoni aliiokota kwa mazoea. Fremu akaisukuma chini ya matete mpaka ikazama.

"We panda na mashamba, usishike barabara. Ambia papa muhame leo. Mi naenda ziwani."

"Yaya, twende wote."

"Batatafuta wawili. Kila mutu na kipande yake." Akanisukuma. "Enda, dada. Enda!"

Nilifika Lubondja jua linateremka. Papa aliona nimerudi bila kinga, akafungua mdomo. Nikainua blauzi. Aliushika mnyororo, akakaa chini. Kabla giza halijaingia tulikuwa tumeshaondoka wote, na bibi, kuelekea Lulimba, ambako tulikaa mpaka vita ilipopungua. Habari za yaya hazikuwepo. Wengine walisema walimwona Kazimia, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine walinyamaza tulipowauliza. Papa hakununua kinga nyingine. Mnyororo aliutundika kwenye msumari, na mawese ya kuupaka hayakukosekana hata wakati ya kupikia sombe, majani ya muhogo, yalikosekana.

Tulikuwa tumerudi Baraka, mimi msichana mkubwa, mama anauza ndakala sokoni. Mtu mrefu mwenye ndevu alisimama mbele ya meza yake, akaweka pedali juu ya ndakala. Mama aliitazama ile pedali kwanza. Akaigeuza, akaona alama za mawe ya papa. Ndipo akainua uso.

"Na weye," alisema, "miaka yote hii ulikuwa unapita barabara gani?"

Yaya akasimulia kidogo kidogo. Alikuwa amevuka na wavuvi, akaishi kambini ng'ambo, akatengeneza baiskeli za watu. Jioni papa aliweka mnyororo na pedali juu ya mkeka. "Bado fremu," akasema, nyumba nzima ikacheka na kulia.

Papa hayupo tena. Leo Baraka ina pikipiki nyingi kuliko mbuzi, na watoto wangu hupanda moja hata kwenda kununua kiberiti. Wananicheka ninapoupaka mawese mnyororo usio na baiskeli. Kila mmoja ana simu, na wanasema tukipotezana watanipigia. Labda ni kweli. Lakini wiki iliyopita, milio iliposikika mbali upande wa milimani, mtandao ulikatika siku hiyohiyo, na nikajikuta nawatazama mikono yao isiyo na kipande, mmoja baada ya mwingine.

Nikamwita mtoto wangu wa mwisho, nikampa pedali aishike.

"Mama, iko nzito," alisema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Usiiweke chini."