Taa ya pikipiki na treni ya mwalimu

Mwalimu aliyehamishiwa Butembo kutoka Lubumbashi aliniletea kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio treni ndogo ya kuchezea, kumbukumbu ya baba yake, fundi wa reli. Kisanduku cha kidijitali cha kuiongoza kilikuwepo, lakini chaja yake ilipotea njiani. Kisanduku kilitaka volti kumi na tano. Mimi nilikuwa na chaja ya kompyuta ya volti kumi na tisa, na betri ya pikipiki ya kumi na mbili.

"Tia ya kompyuta, petit, ndiyo iko na nguvu," alisema, akiniita mdogo kwa Kifaransa. "Ama unaogopa treni itakugonga?"

Nilicheka, lakini kumi na tisa ni nyingi kuliko kumi na tano. Kisanduku kikiungua, Butembo yote haina kingine. Niliona haya kumpinga mwalimu, mimi niliyeishia darasa la sita. Nilichukua betri tu. Kwenye waya nikaunganisha taa ya pikipiki, kama tunavyojaribu redio: ikiwaka kwa nguvu, umeme unapita kupita kiasi, kuna hitilafu.

Taa iliwaka kidogo, ikafifia. Treni ikaanza kutembea polepole mezani. Mwalimu aliinama kuitazama, akasahau kunitania. Mimi sikuitazama treni. Niliitazama taa, nikiwa nimeshika waya, tayari kuuchomoa ikiwaka kwa nguvu.