Bei ya Majani Mbele ya Nyumba ya Mama

Hapa Likasi watu wanaolipa ili majani yaote ni wachache, na majirani zao wanawacheka. Wengi wetu tunalipa ili yang'olewe. Mvua zikianza, parseli, yaani kiwanja cha nyumba, inalimwa mahindi hadi karibu na ngazi za mlango, na pale ambapo mahindi hayakufika, mama wa nyumba anaparua kwa jembe na kufagia mpaka udongo mwekundu unabaki mtupu. Majani yakiachwa mbele ya nyumba, wapita njia wanaanza kuuliza kama ndani kuna mgonjwa, au kama wenyewe wamehama.

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao wachache. Nyumba yetu ni ya wafanyakazi wa zamani wa kiwanda, na pelusi, majani mafupi ya kukatwa mbele ya nyumba, ilikuwapo kabla yetu. Aliikata mwenyewe kila Jumamosi, amevaa fulana iliyotoboka mgongoni, na ole wako upite juu yake na baiskeli. Jumapili baada ya misa Mama alitandika mikeka, na wenzake Baba wa kiwandani walikuja na wake zao. Walikula, wakacheka, wakabishana kuhusu mambo ya zamani ya Kambove mpaka giza likaingia. Mama alilalamika kuhusu masufuria ya kuosha. Lakini mvua ikinyesha Jumapili, wakashindwa kuja, alinuna siku nzima.

Baba alifariki katikati ya mvua. Watu wa kilio walilala nje chini ya maturubai, wakapika palepale, wakakanyaga tope usiku na mchana. Walipoondoka, pelusi ilikuwa imekwisha. Hilo sikulishangaa. Nilichoshangaa ni kwamba watu nao walikwisha. Wale wazee hawakuja tena. Labda waliona haya kumtembelea mjane, labda walikuwa na shida zao, sijui, na wakati ule sikutaka kujua, maana mimi ni mwepesi wa hasira na nilikuwa nimeshawahukumu. Wake zao walimsalimia Mama mlangoni mwa kanisa haraka haraka, kama watu waliochelewa gari. Mimi nilishinda sokoni nikiuza vitenge, ambavyo sisi tunaviita vikwembe, yeye akashinda peke yake.

Tulipoanza kupanga siku ya kumaliza kilio, nilimuuliza anataka nini. Nilidhani atasema kikwembe kipya.

"Minye nataka pelusi irudie," akasema. "Batu bakuye, baone kama hapa kungali nyumba. Bakiona majani, batakaa."

Nilielewa kwamba hakuwa akizungumzia majani. Alitaka watu wake warudi wakae mbele ya nyumba yake. Lakini watu hawauzwi, na majani yanauzwa, basi nikaenda kuuliza bei.

Fundi wa kwanza alikuja kwa pikipiki, mashine ya kukatia imefungwa nyuma kwa mipira. Alizunguka uani, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kununua nyumba nzima. Kisha akanitajia dola ishirini kwa kila mara atakapokata, petroli juu yangu.

"Na majani iko wapi, mama?" akauliza.

"Haiko bado. Njo kazi yenye minakuitia."

"Ah. Kama haiko, iko bei ingine."

Bei hiyo nyingine ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimuuliza kama atatuwekea na dari. Akacheka, nami nikacheka, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Wa pili alikuja kwa miguu, na fyeko lake begani na buti za mvua. Yeye alihesabu kwa unga, na mimi nikaona hapo tutaelewana. Kuanzisha pelusi: bei ya mifuko miwili ya unga, na majani ya kutambaa atayatoa yeye upande wa Mulungwishi. Baada ya hapo, nusu ya mfuko kila mwezi, apalilie na kukata. Mbolea ni juu yangu. Siku ya kazi anakula bukari, ugali wetu, hapa nyumbani. Na "ya sabuni" kidogo mwisho wa mwezi, maana nguo zake zinachafuka kwa ajili yetu. Nilibishana naye juu ya sabuni kuliko juu ya kila kitu kingine, nikashindwa.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza leo pelusi inagharimu nini, namwambia asiangalie bei ya kukata tu. Kukata ni kitu kidogo. Wakati wa mvua majani yanakimbia, fundi anarudi mara nyingi, na kila akirudi anakula. Mvua zikikatika, bomba nalo linakatika, na unaanza kununua maji kwa madumu ili kuyanywesha majani ambayo hata mbuzi wako huruhusiwi kumpa. Jirani yetu alisimama kwenye ua siku moja akaniuliza kama safari hii tutasonga bukari ya pelusi. Nikamjibu kwamba tutampelekea sahani.

Lakini ilishika. Mwanzoni palikuwa na vishada tu, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa vibaya. Kisha vishada vikaanza kugusana, na mvua kubwa zilipofika, palikuwa kijani kuanzia ngazi hadi barabarani. Asubuhi Mama alitoka na chai yake akasimama hapo, anaangalia. Nilifurahi sana kumwona vile, na kila mwisho wa mwezi nililipa bila kunung'unika.

Siku moja kabla ya misa ya kumaliza kilio nilikwenda Kambove kuchukua mbuzi kwa shangazi yangu. Niliporudi mchana, nikimvuta huyo mbuzi, nilisikia nyimbo kabla sijafika kwetu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa mbele ya nyumba, wameinama, vikwembe vimekazwa kiunoni, majembe mikononi. Walikuwa wamefika karibu na barabara. Nyuma yao palibaki udongo mwekundu, umefagiwa vizuri, na kando ya ua kulikuwa na rundo la majani linalotoa moshi.

"Yaya, tunamaliza!" mmoja akaniita kama dada yake mkubwa, jasho linamtiririka. "Tulikuta kwa mama kote kumejaa majani. Tukasema, apana, kesho batu banakuya, mujane hana mutu wa kumulimia."

Hakuna aliyewatuma. Ni desturi yetu: nyumba ya kilio inasafishwa na wanawake wenzake mjane, na kusafisha maana yake ni udongo. Walikuwa na furaha kweli. Mimi niliona mifuko ya unga ikiungua pale kwenye ua, niliona miezi yote ile, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni hayakuwa ya kikristo.

Nilikuwa sijayatoa Mama alipotokea mlangoni na beseni la maji. Alinitazama mara moja tu, akatikisa kichwa. Kisha akashuka ngazi, akawanawisha mmoja mmoja.

"Aksanti, bamama," alikuwa akisema. "Aksanti mingi."

Akaleta karanga. Akaketi chini katikati yao, juu ya udongo ule, na hawakuondoka. Walibishana juu ya nyimbo za kesho, nani aanze, nani ana sauti ya mbuzi. Mmoja alisema kitu nisichokisikia, na Mama akacheka hadi akajishika mbavu. Jua lilizama wakiwa bado wapo. Mimi nilikuwa jikoni, ninagongesha masufuria ili kila mtu ajue nimekasirika, na hakuna aliyenijali.

Walipokwenda, Mama aliingia na vikombe.

"Mama, ulibaona banalima?"

"Nilibaona tangu jembe ya kwanza. Nilikuwa ku dirisha."

"Sasa juu ya nini haukubakataza?"

Alimwaga maji kwenye beseni, akaanza kuosha kikombe, taratibu.

"Ningebaambia baache, bangeomba musamaha, bangerudia kwabo," akasema. "Mutoto yangu, weye unashinda ku soko, hauone. Tangu papa yako alikufa, mutu wa majani peke yake njo alikuwa anakuya hapa. Na yeye tulikuwa tunamulipa."