Habari za Qabale Zilivyofika Biliqo

Harufu ya moshi ndiyo iliyojaa nyumba yetu ya mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, asubuhi zote za utoto wangu. Shangazi Tume, dada ya baba yangu, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia, na kila kulipopambazuka alikuwa uani akifukiza mitungi kwa vijinga vya mti wenye moshi wa harufu tamu, akigeuza mmoja baada ya mwingine mpaka ndani pawe peusi na pakavu. Moshi huo uliingia kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye sare yangu ya shule, na wenzangu darasani walikuwa wakininusa na kusema maziwa yamefika. Asubuhi moja, nikiwa darasa la sita, harufu nyingine ilikuja juu ya ile ya moshi: harufu ya mbuzi, vumbi na mafuta ya lori. Niliinua macho nikamwona baba yangu amesimama mlangoni, wazee wawili wa ukoo wetu wakiwa nyuma yake, wote wamekuwa weupe kwa vumbi la njia ya Merti. Kwapani baba alikuwa amebana kifurushi kilichofungwa kwa kamba.

Baba hakuwa mtu wa kuja mjini ovyo. Kwao, na kwetu, ni Biliqo, mbali kaskazini, ambako alikuwa na ng'ombe wachache na mbuzi wengi. Alipokuja Isiolo alikuja kuuza mnyama, na alituma neno kabla. Mimi nilikaa kwa shangazi ili nisome shule ya msingi, na dada yangu Qabale alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji. Shangazi alimkaribisha kaka yake kwa salaam, akamletea kikombe cha maziwa kama inavyopasa. Baba alikikataa. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona Mborana ametoka safari akakataa maziwa.

"Tume," alisema, "mmeshamwosha?"

"Kumwosha nani?"

"Qabale."

Kumwosha alikokusema ni kule anakofanyiwa maiti kabla ya kuvikwa sanda. Shangazi alikaa chini. Alisema Jumamosi alikuwa amempelekea Qabale sabuni na kumkuta anacheka, lakini sauti yake ilikuwa inapotea, kwa sababu tangu Jumamosi siku zilikuwa zimepita na mtu anaweza kufa siku yoyote. Baba alieleza. Alipompeleka Qabale shuleni alikuwa ameacha nambari ya simu ya mwenye duka wa Biliqo, maana yeye mwenyewe hakuwa na simu. Mwenye duka alipata ujumbe kutoka shuleni, akamsomea: Mzazi wa Qabale, unahitajika shuleni Ijumaa bila kukosa. Basi. Hakukuwa na neno jingine mbele wala nyuma.

Msomaji asiyetoka kwetu atasema huo ni ujumbe wa kawaida. Kwetu habari ina mpangilio wake. Mtu akifika huketi, hunywa, kisha huombwa oduu, yaani habari, naye huanza na nagaa, ambayo ni amani. Amani ya watu, amani ya mifugo, mvua imenyesha wapi na malisho yakoje, nani amezaa na nani ameoa. Anayesikiliza huitikia kila kipande. Jambo lenyewe huja mwishoni, na likiwa jema hurefushwa. Habari fupi isiyo na nagaa mbele yake ni habari ya kifo. Na habari ya kifo hupigii simu kuuliza, ukiisikia unaondoka. Kwa hiyo baba aliondoka kwa lori la kwanza la mbuzi, na ndani ya kile kifurushi mlikuwa na sanda.

Shule sikwenda siku hiyo. Tulitembea wote kuelekea kwa Qabale, shangazi akilia kimyakimya ndani ya shela, wazee wakisoma dua. Nilimshika baba mkono na mkono wake ulikuwa baridi, ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Langoni askari alituuliza tunamtaka nani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulitaja jina. Tukiwa tumesimama hivyo, Qabale alitokea upande wa mabomba, ndoo kichwani, ndara zimelowa, anabishana na mwenzake. Alituona. Ndoo aliitua taratibu.

"Baba? Nani amekufa?"

Baba alikaa pale pale kwenye changarawe, akaweka kifurushi magotini. Mzee mmoja ndiye aliyemweleza Qabale kwa Kiborana. Dada yangu alikuwa na mdomo ambao mimi sikuupata. Alimtazama baba, akatazama kifurushi, akasema, "Kama nimekufa, baba, si ningekuambia?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akaishika fimbo yake asianguke. Baba hakucheka. Hofu ilipomtoka, hasira ilichukua nafasi yake, na ilikuwa kubwa. Alisimama, akapangusa kanzu, akaomba kuonyeshwa mkubwa wa shule.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa Kimeru, tukimwita Madam Kendi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alitukaribisha wote ofisini, tukaletewa chai. Aliposikia tulichokuwa tumekifikiria alishika kichwa. Akasema kwa Kiswahili cha haraka kwamba Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na Qabale alikuwa amewashinda wote wa kidato chake katika hesabu, hivyo angeitwa mbele akapewe zawadi, na shule ilitaka mzazi wake awepo. Alisema pole mara nyingi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijakasirika kwa sababu ya safari. Tangu nilete huyu mtoto hapa, sijui analala wapi, anakula nini, ameugua lini. Mbuzi wangu akiwa malishoni, mchungaji ananiletea habari yake. Mtoto wangu nimemleta kwako na sijapata habari hata moja, halafu ya kwanza inakuja kama ya maiti. Mahali ambapo hapanipi habari, siachi mtoto. Qabale, chukua sanduku lako. Tunaenda nyumbani."

Uso wa Qabale ulibadilika. Mdomo wake wote ulimwishia. Kwetu msichana akirudi nyumbani katikati ya masomo, kurudi tena shuleni ni nadra. Anaolewa, au anazoea nyumbani. Madam Kendi alianza kusema mambo ya alama na ripoti za muhula, na kadiri alivyosema ndivyo baba alivyozidi kuangalia mlango. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kiti karibu na kabati. Nilikuwa mtoto wa haya sana. Mwalimu akiniuliza swali darasani, machozi yalitangulia jibu. Lakini niliona jambo lililokuwa wazi kabisa kwangu, na nilimwona dada yangu anaangalia miguu yake iliyolowa, nikajikuta nimesema, macho yangu yakiwa sakafuni.

"Madam, hujamuuliza mvua."

Shangazi alinifinya paja. Madam Kendi akavaa miwani yake, akaniuliza mvua gani. Nilimweleza, kwa maneno ya kukatika, kwamba habari haianzi pale alipoanzia. Kwanza nagaa. Halafu mvua, halafu mifugo, halafu ndiyo Qabale, na Qabale mwenyewe asimseme alama tu, amseme mzima.

Sijasahau alichofanya yule mama. Hakucheka. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaja kukaa mbele ya baba, magoti yakikaribiana na yake kama majirani, akamuuliza Biliqo mvua imenyesha vipi. Baba alisita, lakini swali la mvua mtu wetu hawezi kuliacha bila jibu. Akaeleza. Akaulizwa ng'ombe, akaeleza. Alipomaliza, Madam Kendi alianza. Alisema Qabale analala bweni la mwisho, kitanda cha juu, karibu na msichana wa kutoka Burat ambaye ni rafiki yake na pia mshindani wake. Alisema anaamka kabla ya kengele. Alisema muhula wa kwanza aliugua malaria, akapelekwa zahanati, akapona, na kwamba siku zile alikuwa akimwita mama yake usingizini. Alisema githeri, yale mahindi ya shule yaliyochemshwa na maharagwe, haipendi na huwapa wenzake maharagwe. Alisema ni mbishi, ameadhibiwa kwa kupiga kelele baada ya taa kuzimwa, na kwamba Kiingereza chake bado kinachechemea. Halafu akafika kwenye hesabu, na hapo akarefusha. Alieleza jinsi alivyoanza nyuma ya wengine, jinsi alivyokuwa akibaki darasani wenzake wakienda kucheza, mpaka akawapita. Baba alianza kuitikia. Kwanza kwa kichwa, kisha kwa sauti, "Eee," kila kipande, kama anavyoitikia kwenye boma letu. Wazee nao wakaitikia. Qabale alikuwa amejificha uso kwa aibu.

"Hii," baba alisema mwishoni, "hii ndiyo habari." Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. "Na mwezi ujao nani ataniambia?"

Madam Kendi alikiri kwamba kutoa habari kwa desturi ya Kiborana hajui, na kwamba walimu wake wengi hawajui. Akanigeukia. "Huyu atakuambia," alisema. "Kila Jumamosi aje kwangu, nimpe habari, akupigie."

Ijumaa baba alikaa safu ya mbele kabisa, na Qabale alipoitwa, yeye pia alisimama, bila kuambiwa na mtu. Ile sanda shangazi aliikata na kuishona iwe shuka ya bweni. Qabale aliikataa akiogopa, lakini baba akamwambia, "Lala juu yake ukiwa hai, iione haya."

Jumamosi iliyofuata nilianza kazi yangu. Nilisimama uani, simu ya shangazi sikioni, mgongo wangu kwa watu, na huko Biliqo mwenye duka akaifungulia sauti ili baba asikie. Kumbe simu ni nzuri kwa mtu wa haya, hakuna anayekuona. Nilianza na nagaa. Nilieleza mvua ya Isiolo, bei ya maziwa, kisha nikammwagia baba habari zote za Qabale. Siku moja sauti ya mama mmoja iliingia kati, ikaniuliza kama namjua binti yake wa kidato cha kwanza. Sikumjua, lakini Jumamosi ya baadaye nilikuwa nimeshamjua. Akaja mwingine, na mwingine. Wauza maziwa wenzake shangazi walinitania, wakaniita redio. Siku ya wazazi ya mwaka uliofuata, lori liliingia langoni limejaa akina mama wa Biliqo na shela zao za rangi zote, wanashuka wakishikana mikono, na kila mmoja alikuwa anajua binti yake analala kitanda gani. Madam Kendi alisimama kwenye ngazi, akawauliza mvua.

Mimi niliishia darasa la nane. Mgongo wa shangazi ulichoka na mitungi ikawa yangu. Qabale alimaliza kidato cha nne, na sasa anasomea uuguzi Meru. Mambo yamebadilika sana. Wazazi wengi wana simu zao, shule ina kundi lao la kutumiana ujumbe, na alama zinamfikia mtu akiwa kisimani kabla mtoto mwenyewe hajaziona. Madam Kendi alihamishwa, lakini aliacha desturi kwamba hakuna ujumbe unaotoka shuleni bila salamu na neno la kuwa mtoto ni mzima. Nami bado natoa habari kwa sauti, kwa wale wanaotaka kuitikia, na siku hizi si lazima niwape watu mgongo.

Mwaka huu baba alimleta mdogo wetu wa mwisho, kidato cha kwanza. Hakuletwa na hofu wala hakuitwa na mtu. Alikunywa maziwa yake yote, akambebea mtoto sanduku mpaka langoni, akamkabidhi kwa mwalimu ambaye hakuwahi kumwona maishani. Hakuuliza karo, hakuuliza chakula, hakuuliza askari ni wangapi. Alinigeukia mimi, akauliza jambo moja tu, "Siku ya habari bado ni Jumamosi?"