Jirani Aliyesaga Ulezi

Mume wangu alinioa Tabora akanileta Sumbawanga, nyumba ya nyuma ya duka lake. Enzi hizo Mwingereza bado anatawala, na mume wangu akishuka Mbeya na lori kuchukua bidhaa, wiki mbili hazikutosha kumrudisha. Nilibaki na baridi, na upepo ambao sikuwa nimewahi kuusikia ukivuma namna ile. Kifipa, lugha ya pale, sikukijua, na dukani alikaa shemeji yangu, ambaye hakuwa mtu wa maongezi.

Nyuma ya ukuta wetu aliishi mama mmoja Mkristo, ambaye mumewe alikuwa amekwenda manamba, kibarua cha mkataba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Kila alasiri alisaga ulezi kwenye jiwe huku akiimba. Wimbo ulikuwa uleule, sauti yenyewe inakwaruza. Mimi niliuita kelele. Nilisogeza gramafoni dirishani nikaweka santuri za pwani, kusudi nisimsikie.

Siku moja springi ya gramafoni ikakatika. Ikanibidi nisikilize. Siku ya tatu nikagundua kwamba sauti ilikuwa ileile, lakini maneno yalibadilika. Nikazunguka ukuta, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza anaimba nini.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alinieleza kwamba anamwimbia mumewe mambo ya siku ile: mbuzi kazaa, paa linavuja, mtoto kaanza kukohoa. Barua hajui kuandika.

"Na leo?" nikamuuliza.

Akasita, akafuta unga mikononi. "Leo nimekuimba wewe, mwanangu."

"Umesema nini?"

"Nimesema, nyuma ya ukuta kuna binti. Nyumba yake imejaa sauti, na hakuna hata moja inayomwita jina."

Nilikaa chini palepale, na yeye akaendelea kusaga. Mpaka siku ile nilikuwa najua vitu viwili tu, kelele na muziki. Hiki cha tatu, cha mtu kukutazama vizuri kisha akakuwekea maneno ambayo wewe mwenyewe umeshindwa kuyasema, sikuwa na jina lake. Baadaye sana nilisikia watu wakikiita sanaa.

Tangu hapo nilikwenda kwake kila alasiri. Mume wangu aliporudi alitengeneza gramafoni, akalalamika kwamba jirani anapiga kelele. Nilitaka kumweleza, nikaona sijui nianzie wapi.

Baada ya mavuno kaka wa yule mama alikuja kumchukua, wakahamia Namanyere. Chumba chake kikawa stoo ya mahindi. Mume wangu alikuwa safarini tena. Nilijaribu kuimba kwa sauti ya yule mama, nikitia maneno yangu ya Kiswahili: leo nimefua, leo nimepika, nimekula peke yangu. Nikafika hapo nikakwama. Yeye alikuwa na mtu wa kumwimbia, hata kama mtu huyo yuko Tanga na hasikii. Mimi sikujua nimwimbie nani.