Chuma Kikilia

Asubuhi ile ukungu wa mto ulikuwa umeulalia mtaa wetu wa Nalufenya, nami nilikuwa bado nusu usingizini. Mimi na mume wangu tulikuwa tunakwenda Mbale kumchukua binti yetu aliyejifungua, aje nimlee uzazi hapa nyumbani. Mjukuu wetu wa kwanza! Usiku kucha nilikuwa nimempakata ndotoni.

Wiki nzima gari letu kuukuu lilikuwa linalia kila breki ikikanyagwa. Nilimwambia mume wangu alipeleke kwa fundi. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye ni askari magereza mstaafu, amezeeka akitunza milango ya gereza, na kwake chuma kikilia dawa yake ni oili. Jana yake alivua magurudumu, akazidondoshea breki oili, akanawa mikono. Kweli gari likanyamaza. Nikamsifu, nikamwita afande, naye akatabasamu.

Basi tukateleza kimya kimya, barabara nyeupe, breki ikiguswa kidogo tu. Iganga ikapita, mashamba ya mpunga yakang'aa, nikasinzia. Tulipokaribia Mbale nilifumbua macho nikaona ng'ombe wanavuka barabara, mume wangu amekanyaga breki mpaka mwisho, na gari linakwenda tu, taratibu, bila sauti. Akalitupa pembeni, likazama kwenye tope. Nilimtukana kwa Kisoga na kwa Kiswahili, wala sioni haya kusema.

Wapita njia walitusukuma, tukajikokota kwa gia ya kwanza hadi kwa fundi. Huyo alitueleza kwa upole. Breki ikilia asubuhi tu, baada ya mvua, ni kutu kidogo. Ukikanyaga mara chache inaisha. Ikilia kutwa, pedi zinazobana diski ya gurudumu zimekwisha, na kuna kibati kinachoikwaruza diski hiyo makusudi ili ujue. Zetu zilikuwa zimekwisha na sasa zimekunywa oili, zinateleza tu. Akasugua diski, akafunga pedi mpya.

Mume wangu alikuwa ameketi juu ya tairi.

"Tungekuwa tunarudi, mtoto angekuwa ndani," akasema.

Hasira zangu zote zikaniishia pale pale.

Kwa binti yetu mume wangu hakuingia hata ndani kunywa chai. Tulisimama getini na kichanga kwenye shuka, tukimtazama anaendesha peke yake, anakimbiza gari na kufunga breki, anageuza, anafunga tena, vumbi limemfunika. Binti yangu akaniuliza baba ana nini. Nikamfunika mtoto uso vumbi lisimfikie. Mwishowe mume wangu akaja, akazima gari, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mikono apewe mtoto.